Wiki iliyopita ulifanya kazi kwa saa ngapi?

Swali hilo nimewauliza watu mia kadhaa, na wachache sana walinijibu kwa namba. Bila jibu lake, huwezi kulinganisha vizuri kipato cha wanaume na cha wanawake katika sekta binafsi.

Nilikuwa mdadisi wa mkataba kwenye utafiti mmoja wa ajira, kishikwambi mkononi, kofia kichwani, nazunguka kaya kwa kaya huko Temeke. Kabla ya kuingia mtaani nilidhani kitakachonitoa jasho ni swali la pesa. Kumbe pesa watu wanaitaja, wakishakuzungusha kidogo. "Andika laki tatu." Unajua ni zaidi au pungufu, ila kisanduku kimejaa na safari inaendelea. Saa ndizo zilizonishinda. Fundi cherehani alinijibu, "Nikichoka nafunga." Mlinzi wa godauni akasema, "Mimi nipo tu hapa." Muuza mkaa alinitazama kana kwamba nimemwuliza amekohoa mara ngapi tangu Jumatatu.

Kuna mama mmoja wa Mbagala ambaye simsahau. Nilimkuta barazani anasugua karai, biashara ya siku imeshaisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaandikisha nini, mikopo?"

Nikamweleza. Akavuta kigoda, akanikaribisha. Nikamwuliza jana alianza kazi saa ngapi. "Saa tisa." Alimaliza saa ngapi? "Saa nne hivi." Kishikwambi kilikuwa kinataka saa za mfumo wa 24, nami kwa uchovu nikaandika 09:00 hadi 16:00, nikaenda zangu. Jioni msimamizi wetu anapitia kazi za siku, akaniita: "Dada, huyu anauza maandazi mchana kutwa? Nani anakula?" Hapo ndipo nikazinduka. Saa tisa yake ilikuwa ya usiku, yaani 03:00, na saa nne ni ya asubuhi, 10:00. Nikapiga hesabu upya, nikapata saa saba, zilezile nilizokuwa nazo. Nilikuwa nimezisogeza zote mbili kwa saa sita, kwa hiyo kosa likajifuta lenyewe. Wenye saa za Kiswahili tunaweza kukosea hivyo mwaka mzima na jumla isishtuke. Kinachopotea ni usiku. Mwanamke aliyekuwa mbele ya jiko la mkaa saa tisa za usiku, kwenye rekodi yangu alikuwa mfanyakazi wa mchana.

Kesho yake nilirudi kumwomba radhi na kurekebisha. Nikauliza vizuri zaidi: unga unakandwa saa ngapi? "Jioni, baada ya kula." Muda gani? "Ah, kukanda nako ni kazi? Nakanda huku naangalia tamthilia." Na kufuata ngano dukani? Na mkaa? Tukaongeza kimoja baada ya kingine, saa saba zikawa kumi na kitu. Yeye mwenyewe akashangaa. Akacheka, kisha akanyamaza, akaniuliza kama serikali itamlipa hizo tatu.

Mama yule simhesabu kwenye mishahara ya sekta binafsi, maana hana mwajiri. Lakini ndiye aliyenitia ukaidi nilionao hadi leo: nikiona jedwali la kipato cha wanaume na wanawake kwa sekta, jicho langu linatafuta safu ya saa kabla ya safu ya shilingi. Mara nyingi haipo. Na ikiwepo, najiuliza aliulizwa nani.

Maana milango ya kuulizia ni miwili. Kuna mlango wa ofisi: unampelekea mwajiri fomu, anakupa idadi ya watu na fedha alizolipa. Tanzania Bara, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, hufanya hivyo kwenye utafiti wa ajira na kipato katika sekta rasmi. Kisha kuna mlango wa nyumbani, ambao ni Utafiti wa Nguvu Kazi: ulifanyika 1990/91, 2000/01, 2006, 2014, na 2020/21. Mwajiri ana karatasi, kwa hiyo shilingi zake zimenyooka, ila saa alizonazo ni zile alizolipia au zilizoandikwa kwenye mkataba. Nyumbani utapata saa zilizofanyika kweli, lakini zinatoka kwenye kumbukumbu ya mtu, na mara nyingine si kumbukumbu yake. Mara ngapi nimemkuta baba peke yake, namwuliza mkewe anafanya kazi saa ngapi, ananijibu bila kusita: "Nane." Mke kibarua kiwandani, anaondoka kabla ya jogoo, anarudi taa zimewaka. Nane! Kwa sababu kazi ni saa nane, kila mtu anajua.

Hata mlango wa ofisi nao niliufahamu kwa ndani, kwa bahati tu.

Mkataba wa udadisi ulipoisha nilipata kazi ya uhasibu kwenye kiwanda kimoja cha kufungasha vyakula. Jina lake nitabaki nalo. Kazi yangu ilikuwa mishahara ya watu kama mia nne. Siku moja ikaja fomu: una wafanyakazi wangapi, wanaume wangapi, wanawake wangapi, umewalipa jumla ya shilingi ngapi kila kundi. Bosi akaisukuma mezani kwangu. "Si wewe ulikuwa kwenye mambo haya? Jaza."

Nikafungua faili la Excel. Jina, namba ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, mshahara wa msingi, posho, makato, salio. Safu ya jinsi haikuwepo, na haikuwahi kuwepo. Ukifikiria, ingekuwepo ya nini? NSSF wanachukua asilimia 10 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri bila kuuliza wewe ni nani. Kodi ya mshahara, PAYE, inaanza juu ya 270,000 kwa wote. Faili lile lilikuwa na usawa wa kijinsia kuliko mahali popote nilipowahi kufanya kazi, kwa sababu halikuwa na macho.

Basi nikaanza kupanga kwa majina. Mwajuma, huku. Juma, kule. Rehema, Hamisi, mambo yanakwenda. Kisha akaja Bahati. Wakaja Bahati watatu. Riziki wawili. Shukuru. Amani. Shida. Furaha mmoja ambaye niliapa ni wa kike hadi nilipokutana naye kantini ana ndevu. Nikampigia msimamizi wa ufungashaji: "Kaka, Bahati wako ni wa kike au wa kiume?" "Ninao wawili, mmoja mmoja. Wewe unamtaka yupi?" Siku mbili zilikwisha hivyo. Tangu hapo, nikisoma mahali kwamba wastani wa wanawake katika sekta fulani ni shilingi kadhaa na senti kadhaa, zile senti huwa zinanichekesha.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na hili ni langu mwenyewe. Nilinakili safu ya salio, yaani ile pesa anayokwenda nayo mtu nyumbani. Ni safu ya mwisho, ndiyo iliyokolezwa rangi. Lakini kipato kinachopimwa si salio. Wataalamu wa takwimu za kazi walishaliweka sawa Geneva mwaka 1973, kwenye mkutano wao wa 12 chini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO: kipato ni kabla ya makato, kikiwa na mshahara wa msingi, ovataimu, posho za kila mwezi, malipo ya likizo, bonasi, hata malipo ya vitu kama chakula na nyumba. Mchango wa mwajiri kwenye hifadhi ya jamii haumo. Ukitumia salio unapima mikopo ya watu. Pale kwetu waliokuwa na makato makubwa ya SACCOS walikuwa waendesha mashine, karibu wote wanaume, kwa sababu ndio waliokopesheka. Fomu yangu ya kwanza, kama ingeondoka vile, ingeonyesha wanaume wetu wako hoi.

Halafu kulikuwa na wale ambao hawakuwemo kwenye faili kabisa. Msimu wa kazi ukipamba moto tulichukua vibarua sitini, sabini, wengi wao kina mama, wa kuchambua na kupanga kwenye makatoni. Walilipwa jioni kwa jioni kutoka fedha ndogondogo, kwa vocha moja yenye jina la mtu mmoja aliyewaleta. Mtu mmoja kwenye vitabu, watu sabini getini. Nilipowaacha nje, kama faili lilivyotaka, wastani wa wanawake wa kiwanda ukapanda. Tafadhali liangalie hilo vizuri: wanawake waliolipwa kidogo kuliko wote wakitoka kwenye hesabu, takwimu inaonyesha hali ya wanawake imekuwa nzuri. Niliwaongeza kwa kalamu kwenye nafasi ya maelezo, chini ya fomu.

Sasa wastani wenyewe. Chukua kiwanda cha kubuni chenye watu 100, wanawake 50 na wanaume 50. Ufungashaji kuna wanawake 40 wanaolipwa 300,000 na wanaume 10 wanaolipwa 290,000. Kwenye mashine kuna wanawake 10 wanaolipwa 520,000 na wanaume 40 wanaolipwa 500,000. Kila idara, mwanamke yuko juu. Meneja akihojiwa atasema kwa kujiamini kwamba hapa kwetu wanawake tunawalipa vizuri kuliko wanaume, na hasemi uongo. Jumlisha sasa: wastani wa wanawake ni 344,000, wa wanaume 458,000. Pengo ni robo nzima. Limetoka wapi? Kwenye mlango. Nani aliposaini mkataba alielekezwa kulia kwenye mashine, na nani kushoto kwenye makatoni.

Ndiyo maana kugawa kwa sekta ni lazima, na ndiyo maana hakutoshi. Uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi, toleo la nne, una herufi 21, kuanzia A ya kilimo hadi U. Viwanda vyote ni C: anayechanganya kemikali na anayebandika lebo wako ndani ya herufi moja. Kwenye ujenzi, herufi F, kuna nchi ambako jedwali linaonyesha wanawake wanapata kuliko wanaume, na mtu akaona tumefika. Wanawake wachache walioko huko ni wahasibu, wahandisi na makatibu. Wanaume ni wale wanaopandisha zege.

Nirudi kwenye saa, maana ndiko ninakotaka kukaa.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema wiki ya kawaida isizidi saa 45, siku isizidi saa 9, siku za kazi zisizidi 6. Ovataimu isizidi saa 50 katika kila wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu ni mara mbili. Ukitaka kujua saa za mwezi unazidisha 45 kwa 4.333, unapata 195. Namba hiyo, 195, niliiota.

Watu wawili, mwanamume na mwanamke, mashine zao zimepakana, mshahara wa msingi wa kila mmoja ni 300,000. Gawa kwa 195, saa moja ni shilingi 1,538. Mwanamume anabaki ovataimu saa 40 kwa mwezi. Hiyo inamwongezea 92,308, anaondoka na 392,308. Mwanamke anatoka saa kumi kamili kwa sababu mtoto yuko kwa jirani na jirani naye ana mambo yake. Kwa mwezi, mwanamke yuko nyuma kwa asilimia 23.5. Kwa saa? Mwanamume amefanya saa 235, kila moja imempatia shilingi 1,669. Pengo limeshuka hadi karibu asilimia 8. Watu wale wale, mwezi ule ule, kiwanda kile kile.

Hapo ndipo mabishano yanapoanza mitandaoni, na kila upande unashika namba yake. Anayetaka pengo dogo anachukua la saa: tazama, viwango ni sawa, ni uchaguzi wa mtu kubaki au kuondoka. Anayetaka pengo kubwa anachukua la mwezi: kodi ya nyumba hailipwi kwa saa. Mimi nimekaa upande wa mishahara miaka kadhaa na nakwambia namba zote mbili ni za kweli, na ile ya saa bado ina asilimia 8 zake ambazo zimetokana na kwamba saa za jioni zina bei kubwa kuliko za mchana. Claudia Goldin, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel 2023, amelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu: kuna kazi zinazomlipa zaidi, tena zaidi ya uwiano, yule anayeweza kupatikana muda wowote, na mtoto akishazaliwa mmoja wa wazazi huacha kupatikana muda wowote. Goldin alikuwa anawatazama wanasheria na wenye shahada za biashara. Angekuja kusimama getini kwetu saa kumi jioni angeona foleni mbili, ya wanaotoka na ya wanaosaini ovataimu, asingehitaji mkalimani.

Wanawake wa Iceland wao waligeuza shilingi kuwa saa kwa njia niliyoipenda. Mgomo wao mkubwa wa kwanza ulikuwa 24 Oktoba 1975. Miaka ya baadaye wakaanza kuondoka kazini dakika ile ambayo, kwa hesabu ya pengo, wanakuwa wameanza kufanya kazi bure: mwaka 2005 ilikuwa saa nane na dakika 8 mchana, 2010 saa nane na dakika 25, 2016 saa nane na dakika 38, 2018 saa nane na dakika 55. Dakika 47 katika miaka 13. Wao walitumia kipato cha jumla na si cha saa, ndiyo maana walitoka mapema vile. Ninachowaonea wivu ni kitu kingine: kwamba nchi nzima ilikuwa na namba ya uhakika kiasi cha kugombania dakika.

Hata kulinganisha na jirani kunataka saa. Namanga ukivuka barabara, amri ya jumla ya mishahara ya Kenya inaruhusu wiki ya kawaida ya saa 52 kwa siku sita. Saba zaidi ya zetu, karibu siku nzima ya kazi. Ukibadilisha shilingi yao kuwa yetu bila kugusa hizo saba, ni kama unalinganisha wiki ya siku sita na ya siku saba.

Usafiri, herufi H, niupite haraka. Dereva wa daladala hana mshahara, ana hesabu: anampelekea tajiri kiasi walichokubaliana, anatoa mafuta, anamtoa konda, kinachobaki ndicho chake. Siku nyingine hakibaki. Deiwaka aliyemshikia gari mchana naye ana chake. Muulize saa, atakwambia idadi ya tripu.

Ila kazi ya kilo inanihusu. Mama yangu mdogo alibangua korosho Mtwara miaka mingi. Kule unalipwa kwa kilo za punje, na nzima zina thamani kuliko zilizovunjika. Hakuna anayejali umeingia saa ngapi; mzani haujui saa. Kwa mwajiri huo ndio uzuri wake. Kwa mtu wa takwimu ni balaa, kwa sababu ili upate kipato cha saa lazima ugawe kwa kitu, na hicho kitu hakijaandikwa popote. Ukidhani ni saa nane kumbe ni kumi na moja, umemwongezea mtu zaidi ya theluthi ya mshahara kwa kalamu. Na Jumamosi mama mdogo alikuwa anakwenda na binti yake wa darasa la sita kumsaidia. Kilo za watu wawili, jina moja, mkono mmoja unapokea.

Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Wabanguaji hupaka majivu au mafuta mengine mikononi, lakini miaka ikipita ngozi ya vidole inalainika, inakuwa kama karatasi ya kufungia sabuni. Mwaka 2019 laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, mama mdogo alirudishwa nyumbani mara tatu. Kila kidole mashine ilikikataa.

Kuna sekta moja zaidi. Katika zile herufi 21 ni T: kaya kama waajiri. Dada wa kazi.

Nyumba ilikuwa nzuri, geti jeusi, maua. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa heshima, akaniletea maji ya baridi. Tulikwenda vizuri hadi nilipouliza wakazi wote. Mume, watoto watatu, "na huyu Salma" (hilo si jina lake). Salma alikuwa mlangoni ameshika beseni, miaka kumi na minane labda.

"Uhusiano wake na mkuu wa kaya?"

"Mtoto wa ndugu yangu."

"Anasoma?"

"Ameshamaliza la saba. Yuko tu hapa, ananisaidia."

Dodoso ni kitu kitiifu. Ukiandika "ndugu", maswali ya mwajiri, mshahara na saa yanajifunga, kishikwambi kinaruka moja kwa moja hadi mtu anayefuata. Nilijaribu njia ya pembeni. Anaamka saa ngapi? "Tunaamka kawaida." Anapewa chochote mwisho wa mwezi? "Namtumia mama yake kidogo, si unajua." Nilimtazama Salma. Salma alitazama beseni. Nikaandika "ndugu". Ningefanya nini? Mhojiwa ndiye amesema, na mimi si polisi.

Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri kima cha chini cha 60,000 kwa mwezi. Jedwali la amri hizi lina safu ya mwezi, ya wiki, ya siku, na hata ya saa. Gawa 60,000 kwa zile 195, ni shilingi 307 na ushee kwa saa. Lakini hesabu hiyo inadhani msichana anamaliza kazi baada ya saa 45, anakaa kwenye kochi na wenzake. Kama anaamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto wa shule na kulala saa nne usiku akishafunga jiko, toa mapumziko ya kutosha, zinabaki 14. Mara siku saba, mara 4.333, unapata saa 425 kwa mwezi. Shilingi 141. Mwezi Oktoba 2025 serikali ilitangaza vima vipya vya sekta binafsi kuanzia 1 Januari 2026, wastani ukipanda kutoka 275,060 hadi 358,322. Nilifurahi kama wengine. Ila amri inapandisha shilingi, namba ya juu ya sehemu. Ile ya chini yake, ya saa, iko kwa mwenye nyumba.

Mkutano wa ILO wa 2008 uliandika kanuni nzuri sana za kupima saa: zilizofanyika kweli ni kitu kimoja, za kawaida kingine, zilizolipiwa kingine. Muda wa kusubiri mashine itengenezwe au umeme urudi ni kazi. Mapumziko mafupi ya chai ni kazi. Safari ya nyumbani si kazi, wala chakula cha mchana. Nilizisoma nikakumbuka mgao wa umeme pale kiwandani, wafungashaji wamekaa juu ya makatoni saa tatu wakisubiri jenereta, na msimamizi anakata zile saa tatu kwenye karatasi. "Hawakufanya kitu." Kwa kanuni, walifanya kazi. Kwa karatasi, walipumzika.

Nilimwomba bosi tuweke safu mbili mpya kwenye faili la mishahara: jinsi, na saa halisi. Ya jinsi alikubali siku ileile. Tukaandika ME na KE, Bahati wote watatu wakapata makazi. Ya saa alisema ngoja, na baada ya miezi akanishangaza: akanunua mashine ya mahudhurio ya alama za vidole, ikafungwa getini karibu na kibanda cha mlinzi. Unagusa, inalia, inaandika jina na dakika. Nilikaa kuisubiri ripoti ya mwezi wa kwanza kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Ya upande wa mashine ilikuja safi. 06:52, 06:57, 07:04. Kutoka 16:01, 19:33, 20:10. Kila mtu na dakika zake.

Ya ufungashaji ilikuwa na mapengo kurasa nzima. Nikateremka getini kuuliza. Mlinzi akanionyesha: wale mama wanaokunja makatoni kutwa, vidole vyao havisomeki. Wanagusa, mashine inawaka nyekundu, wanafuta kwenye kanga, wanagusa tena, nyekundu. Foleni inafika barabarani. Kwa hiyo yeye amewafungulia kauntabuku. Akaitoa chini ya meza, yenye jalada gumu jeusi, akanifunulia. Majina arobaini na mbili, mwandiko wa mtu mmoja, kalamu moja ya buluu. Kuingia: saa 1:00, saa 1:00, saa 1:00, hadi chini. Kutoka: saa 10:00, saa 10:00, saa 10:00. Jumatatu hadi Jumamosi.

"Wote wanafika saa moja kamili?" nikamwuliza.

"Wengine saa kumi na mbili na robo wameshafika, dada. Lakini geti si linafunguliwa saa moja?"